Kompyuta Kuukuu Iendayo Banissa

Juma hili mama mmoja wa Eastleigh aliniletea kompyuta ya kupakata yenye umri wa miaka 12. Alitaka kuituma kwa mwana wa kaka yake huko Banissa, Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia. Kijana anajiandaa kwenda chuoni.

"Nikiiwasha, napika chai na kuinywa ndipo ifunguke," alilalamika.

Nikamwomba asiifunge mzigoni kwanza. Ilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft ilikomesha marekebisho yake ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo haikubali rasmi mashine kuukuu hivyo. Iliyobaki ni Linux, mfumo endeshi wa mtindo wa Unix ulioanzishwa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Finland. Ni wa bure. Kumbukumbu ikiwa gigabaiti 4, Linux Mint ya Xfce yatosha. Ikiwa 1 tu, jaribu antiX.

Lakini kazi hii ifanyie mjini. Faili ya Mint ni karibu gigabaiti 3, na kijana wa Banissa ataipakua kwa data ya simu, shilingi baada ya shilingi.

Ukishaipakua, iandike kwenye fleshi ya gigabaiti 8 kwa programu ya Rufus. Kuinakili tu kama wimbo hakufai. Zima kompyuta, chomeka fleshi, kisha washa huku ukibonyeza F12 (Dell na Lenovo) au F9 (HP). Linux itafunguka kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski. Jaribu sauti, kibodi na hasa Wi-Fi, ambayo ndiyo hukorofisha. Heri ikukatalie ukiwa Nairobi!

Kusakinisha hufuta vyote vilivyomo. Kabla ya kubonyeza, tulipekua diski tukakuta picha za arusi ya dada yake, zisizo na nakala popote. Mama aliketi kitako.

Barua na kazi za shule zitaandikwa kwa LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice, ile ambayo Watanzania waliitafsiri kwa Kiswahili 2004 ikaitwa Jambo OpenOffice.

Sasa inafunguka upesi. Betri, hata hivyo, imekufa, na Linux haifufui betri. Mama anatafuta nyingine. Fleshi tumeitia mfukoni pamoja na kompyuta, ili mashine ikikwama kijana asipakue chochote.