Kabla ya Kukata Tiketi

Katika siku za mwisho za Desemba, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hufurika. Stendi ya Mbezi hujaa tangu alfajiri, nauli huwa gumzo redioni, mabasi ya ziada huombewa vibali, na nyumba nyingi za Wachagga jijini hubaki na mlinzi peke yake. Utani juu ya safari hiyo ni mwingi, na Wachagga wenyewe huufurahia. Lakini anayewafuata mpaka kihambani, kwenye shamba la ukoo, huona mambo ambayo utani hauyagusi. Mtu akishateremsha mizigo huenda kwanza kusimama penye makaburi ya babu na bibi, kati ya migomba. Ubatizo, kipaimara na ndoa vimesubirishwa ili wote wawepo. Wazee hukaa kikao, na ugomvi uliolala mwaka mzima huamshwa ili umalizwe. Aliyekosa anaweza kuchukua jani la isale akampelekea aliyemkosea, na mila humtaka aliyepelekewa jani hilo asikilize na asamehe.

Hakuna anayeiita safari hiyo hija. Toleo hili linadai kwamba imekaribia sana kuwa hija, na kwamba safari nyingi zinazoonekana za kawaida kabisa, za kuhudhuria msiba, kumpeleka mtoto bweni au kufuata mzigo mpakani, ziko hatua moja tu kutoka kwenye ibada.

Hatua yenyewe ni ipi? Wauzaji wa safari za kiroho, ambao matangazo yao yameongezeka sana miaka hii, hujibu kwa kutaja mahali: mlima, pango, jangwa, kaburi la mtakatifu. Mahali pana uzito wake, na jarida hili halitaki kuupunguza. Hata hivyo mtu anaweza kufika mahali patakatifu na kurudi jinsi alivyokwenda, akiwa na picha mia mbili kwenye simu. Kinachoigeuza safari ni masharti anayoyakubali msafiri kabla hajakata tiketi: deni atakalolipa, ugomvi atakaoumaliza, kitu atakachojinyima njiani, mtu atakayemwendea. Masharti hayo yakiwekwa kwa dhati, njia huanza kumfanyia kazi msafiri tangu akiwa kwake.

Watu wa mwambao wanalijua jambo hili kupitia hija ya Makka. Anayekusudia kwenda huanza mapema kupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Hurudisha amana za watu, hulipa madeni au huomba idhini ya wanaomdai, huandika wasia, na huwaachia walio chini yake matumizi ya kuwatosha mpaka arudi. Zama za jahazi kurudi kulikuwa kwa majaliwa, na wasia ulikuwa na haja iliyo wazi. Leo Jeddah ni mwendo wa saa chache kwa ndege kutoka Nairobi, na wasia bado unaandikwa. Kisha, angani, hutangazwa kwamba ndege inakaribia mikati, mpaka wa kutilia nia ya hija. Wanaume wamekwisha kuvaa shuka mbili nyeupe zisizoshonwa; wanawake wako katika mavazi yao ya stara. Wakishatia nia, hawakati nywele wala kucha, hawajitii manukato, hawawindi, hawafungi ndoa, na Kurani inawakataza mabishano. Abiria ni yule yule, kwenye kiti kile kile, ila mbele ya dini yake ameshakuwa mtu mwingine ilhali ndege haijatua. Mwaka 2024 mahujaji walikuwa zaidi ya milioni 1.8, na kila mmoja alivuka mpaka huo usioonekana kwa macho.

La kushangaza zaidi ni kwamba sheria ya Kiislamu haikumsahau msafiri wa kawaida. Fundi wa Mombasa anayepanda basi la usiku kwenda Nairobi kutafuta vipuri anaruhusiwa kuswali rakaa mbili badala ya nne, na kukusanya adhuhuri na alasiri, au magharibi na isha. Ikiwa ni Ramadhani, anaruhusiwa kula na kuilipa siku hiyo baadaye. Ana dua yake ya kupanda chombo. Dini imemwona kuwa yuko katika hali maalumu, hata kama ameandamana na orodha ya boliti tu. Na madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, yanaongeza neno zito: anayesafiri kwa ajili ya maasi hapati ruhusa hizo. Barabara inaweza kuwa ile ile na basi lile lile. Kusudio la abiria ndilo linaloamua rakaa zake.

Upande wa Wakristo wa Afrika Mashariki, mfano ulio hai kuliko yote ni Namugongo. Mwaka 1886 vijana wa ikulu ya Buganda walihukumiwa kifo na Kabaka Mwanga II, wakatembezwa kutoka Munyonyo kuelekea Namugongo. Baadhi waliuawa njiani. Tarehe 3 Juni, Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu Wakatoliki 22 mwaka 1964, na mwaka 1969 akafika Uganda mwenyewe. Waanglikana nao wana mashahidi wao na madhabahu yao mahali hapo hapo. Kila mwaka, kuanzia Mei, makundi ya mahujaji hutoka Kenya, Tanzania, Rwanda, Kongo na pembe zote za Uganda. Wengi hupanda magari, lakini wapo wanaotembea kwa miguu, wengine kwa majuma mawili na zaidi. Kutoka Busia basi lingewafikisha Kampala kwa saa chache. Wamechagua kwenda polepole, kulala kwenye madarasa na makanisa ya parokia za njiani, kupikiwa na watu wasiowajua, kufungwa vidonda vya miguu na mikono migeni. Mahujaji hao wanarudia mwendo wa watu waliotembezwa kwa nguvu, na wanaufanya kwa hiari.

Je, ni lazima mtu atembee? Hapana. Mama mwenye magoti mabovu aliyepanda basi akiwa na nadhiri ya kumsamehe ndugu yake amefika mbali kuliko kijana aliyetembea kilomita mia nne kwa kushindana.

Ipo safari moja katika historia ya nchi hizi inayostahili kufikiriwa upya kwa jicho hili. Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, mmisionari na msafiri David Livingstone alikufa. Waliokuwa naye walikuwa wapagazi na watumishi, miongoni mwao Abdullah Susi, James Chuma na Jacob Wainwright. Kazi yao ilikuwa kubeba mizigo kwa ujira, na aliyewaajiri sasa hakuwepo. Wangeweza kuuzika mwili palepale, wakagawana vilivyobaki na kila mmoja akashika njia yake. Hakuna ambaye angewadai. Walichokifanya ni kuzika moyo chini ya mti, huku Wainwright akisoma maneno ya mazishi, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa kitambaa na gome, wakauchukua begani kuelekea pwani.

Njia ilikuwa ndefu kupita kilomita 1,600. Baadhi yao walikufa kwa maradhi. Kuna mahali walilazimika kuugeuza mzigo wao ufanane na bidhaa, kwa kuwa wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Walipofika karibu na Tabora walimkuta Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumtafuta Livingstone, naye akawashauri wauzike mwili hapo. Wakakataa. Februari 1874 waliingia Bagamoyo, mwili ukalala usiku mmoja katika misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, na Aprili ukazikwa Westminster Abbey. Wainwright aliusindikiza hadi Uingereza. Chuma na Susi hawakuwepo kwenye mazishi yale.

Vitabu vingi vimeisimulia habari hii kama ushahidi wa mapenzi ya watumishi kwa bwana wao, na ndiyo maana wasomaji wengi wa Kiafrika wameipa kisogo. Jarida hili linaisoma vingine. Njia waliyopita kutoka Tabora ilikuwa ile ile ya misafara ya pembe na watumwa. Susi na Chuma waliifahamu, na Wainwright mwenyewe alikuwa mtoto aliyeokolewa kutoka utumwani na kusomeshwa Nasik, India. Kwa miezi tisa watu hao waliigeuza njia ya biashara kuwa njia ya amana. Waliamua pamoja, wakajiwekea sharti, na sharti hilo likawapa nguvu ya kumkatalia hata ofisa wa kizungu aliyekuwa na kila sababu ya kutaka atiiwe. Uamuzi huo ulikuwa wao. Huo ndio moyo wa hija, na unastahili heshima kwa jina lao.

Njia pia ina watu wake, wale wasioondoka. Ibn Battuta, aliyetoka Tangier mwaka 1325 kwa nia ya kuhiji na akaendelea kusafiri kwa robo karne hivi, alifika mwambao wetu mwaka 1331. Kuhusu Mombasa alikumbuka misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na visima mlangoni ambapo kila anayeingia huosha miguu na kuifuta kwenye mkeka. Kuhusu Kilwa alisimulia jinsi sultani al-Hasan, alipotoka kwenye swala ya Ijumaa, alivyoombwa na fakiri wa Yemen nguo alizovaa. Sultani akaingia chumba cha khatibu, akazivua, akazitoa. Simulizi hiyo inapendwa sana na wapenzi wa historia ya Waswahili. Wachache huitaja sehemu yake ya pili: fakiri huyo alipewa pia watumwa na pembe za ndovu. Ukarimu na minyororo vilipita mlango mmoja. Anayetaka kuzuru Kilwa Kisiwani kwa moyo wa ibada hana budi kuvibeba vyote viwili, na waandishi wa toleo hili wameombwa wasiache lolote.

Maulidi ya Lamu yanaonyesha upande mwingine wa wenyeji. Wageni wanaotoka Tanzania, Komoro na bara ya Kenya kwa ajili ya Maulidi ya msikiti wa Riyadha hupokewa majumbani na kulala kwenye mikeka, na sherehe hufungwa kwa ziara ya kaburi la Habib Swaleh. Mwanachuoni huyo mwenyewe alikuwa mgeni, aliyetoka Komoro, na alilaumiwa na baadhi ya wakubwa wa mji kwa kuwasomesha watu waliodharauliwa, wakiwemo wa vizazi vya watumwa. Leo mji mzima unafungua milango kwa ajili yake.

Pingamizi moja haliwezi kuepukwa. Wengi wanaosafiri katika eneo hili hawakuchagua. Mkimbizi aliyefika kambi ya Nyarugusu kutoka Kongo, mgonjwa anayetoka Kigoma kufuata matibabu Dar es Salaam, binti aliyekwenda Ghuba kufanya kazi za ndani: kuwaambia hao kwamba safari yao ni zawadi ya kiroho ni ukatili. Wapo waliopata faraja kubwa katika mwendo wa namna hiyo, na ushuhuda wao ni wao kuutoa, wakitaka. Makala za toleo hili zinamhusu msafiri mwenye hiari. Kwa asiyekuwa nayo, swali linawarudia wale anaowapitia: kama wanamfungulia.

Ndiyo sababu mazungumzo haya hayawezi kuishia moyoni mwa mtu mmoja. Huko Hispania, njia ya kale ya kwenda Santiago de Compostela ilikuwa imesahaulika na wengi ilipofika miaka ya 1980. Padri wa kijiji cha mlimani cha O Cebreiro, Elías Valiña, alichukua rangi ya manjano akaanza kuchora mishale jiwe kwa jiwe, ukuta kwa ukuta, kuwaelekeza wapitao. Vijiji vikafungua nyumba za kulala. Mwaka 2023 ofisi ya mahujaji ya Santiago iliandikisha watu zaidi ya 440,000. Anayetaka cheti kwa kutembea lazima awe amemaliza angalau kilomita 100 kwa miguu, na mezani huulizwa alikuja kwa sababu gani.

Tanzania ina njia ya uzito kama huo. Mwaka 2006 njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu iliwekwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni karibu kilomita 1,200. Jarida hili linapendekeza itembewe, na Waislamu na Wakristo pamoja, kwa kumbukumbu ya waliopitishwa humo wakiwa wamefungwa, na ya wale walioipita wakiwa na amana begani. Haihitaji hoteli, inahitaji alama, maji, na mahali pa kulaza mikeka. Anayetaka kuitembea kipande kimoja kwa likizo yake aanze na Bagamoyo hadi Mamboya. Lakini viongozi wa misikiti, wa makanisa na wa vijiji vya njiani waulizwe kwanza kama wako tayari kupokea watu, na kwa masharti gani, kabla mtu yeyote hajachora mshale wa kwanza.