Majimaji: Wanafunzi wa 1968 waliwakuta walioviona vita. Wa leo watamuuliza nani?

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walianza kwenda vijijini kuwauliza wazee habari za vita vya Majimaji, vya 1905 hadi 1907. Bahati yao, baadhi ya wazee hao walikuwa wameviona kwa macho.

Mwanafunzi anayefanya utafiti huo leo Songea na vijiji kama Hanga atakutana na wajukuu na vitukuu, nao wanazeeka.

Tena simulizi ya huku si nyepesi kama kwenye vitabu vya shule, ambako Majimaji ni hadithi ya umoja tu. Mwaka 1905 wapiganaji walichoma misheni ya Wabenediktini ya Peramiho. Februari 27, 1906 Wajerumani wakawanyonga makumi ya viongozi wa Wangoni mjini Songea. Halafu katika miaka ya 1950, shirika lilelile likaanzisha Hanga monasteri ya watawa Waafrika.

Kwa hiyo Mngoni wa Hanga anaweza kuwa kitukuu cha mpiganaji, na Jumapili akasali palepale abasiani bila kuona tatizo. Hilo mtihani hauulizi.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba radhi na kuahidi kusaidia kutafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, linaloaminika kupelekwa Ujerumani.

Fuvu linatafutwa huko. Masimulizi yapo hapa Ruvuma, na simu ya kuyarekodi karibu kila mwanafunzi anayo.