Ushauri nasaha upewe chumba chenye mlango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze kero inayotukuta tunaotafuta ushauri nasaha kwa sababu ya wasiwasi uliopitiliza.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma. Kila jioni moyo ulinienda mbio, mikono ikitetemeka hadi nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nilipimwa moyo, ukaonekana mzima. Daktari akanielekeza kwa mshauri, nikashukuru. Kumbe mshauri mwenyewe amepewa kona ya chumba cha sindano, na pazia tu ndilo linalomtenga na foleni. Nikiwa katikati ya maelezo, muuguzi akachungulia kuulizia pamba. Huko nje mtu akacheka: "Huyo wa Mirembe!" (Mirembe ni hospitali ya afya ya akili, watu wanatibiwa pale, sijui imekuwaje tusi.) Nilikatisha maneno nikaondoka.

Mshauri simlaumu, alinisikiliza kwa upole. Lakini nani atasimulia yanayomnyima usingizi huku foleni nzima imetega sikio?

Naiomba Wizara ya Afya na waganga wakuu wa wilaya watutengee chumba chenye mlango. Nanyi wasomaji mliohudumiwa vizuri, tuandikieni mlihudumiwa wapi.

Fundi cherehani,
Dodoma