Jiografia Ianzie Mlangoni

Mtu asiyeujua mtaro ulio mbele ya mlango wake hana haki ya kujisifu kwamba anaijua bahari. Walakini ndiyo elimu tuliyoizoea. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya amefundishwa kulinganisha Nairobi na New York, na kueleza jinsi Waholanzi walivyoinyang'anya bahari ardhi yao. Hayo ni maarifa mema, wala siyapingi. Ninalolipinga ni kwamba mwanafunzi huyo, akiwa mkazi wa Umoja, aweza kumaliza masomo yake bila kuulizwa hata mara moja maji ya mvua yapitayo mlangoni pake yatoka wapi na yaenda wapi.

Swali hilo si dogo. Ardhi ya Nairobi inainamia mashariki. Maji ya miinuko ya magharibi hushuka kwa mito ya Nairobi, Mathare na Ngong hata yakafika mitaa ya Eastlands. Huku udongo ni mweusi, wenye kunata: ukilowa huvimba ukayakataa maji, ukikauka hupasuka. Umoja ulipojengwa katika miaka ya 1970 ulikuwa mtaa wa nyumba za chini. Leo, hasa sehemu iitwayo Inner Core, maghorofa yamesongamana, na ardhi ya wazi imekuwa haba. Sasa fanya hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 200, likinyeshewa milimita 50, humwaga lita 10,000. Zidisha kwa mapaa ya barabara moja, kisha utazame mtaro uliozibwa na taka, ndipo useme kama mafuriko ni kudura peke yake.

Katika masika ya 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 nchini Kenya, na shule zilizotazamiwa kufunguliwa mwishoni mwa Aprili zilingoja hata Mei. Somo kubwa la jiografia lilipita mlangoni, na madarasa yalikuwa yamefungwa. Yalipofunguliwa, ni wanafunzi wangapi walioulizwa walichokiona?

Wako wasemao kwamba mjini hakuna maumbile ya kufundisha. Na wainue macho! Mwewe huzunguka juu ya mapaa, na kongoti hula katika jaa la Dandora. Hata uhaba wa miti una historia yake: serikali ya kikoloni iliwaweka Wazungu katika vilima vya magharibi penye kivuli, na Waafrika katika uwanda wa mashariki. Je, hiyo si jiografia?

Wengine husema mitihani imekaribia na muda hautoshi. Kupima mvua kwataka mkebe ulionyooka, rula na daftari. Ni kazi ya dakika tano kila asubuhi. Tena, Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inaagiza elimu hii iingizwe katika mitaala ya ngazi zote. Basi atakayeifundisha hatoki nje ya kazi yake. Asiyeifundisha ndiye aliyeiacha.

Wa tatu hunena kwamba moshi ulioharibu tabianchi ni wa mataifa tajiri. Wanasema kweli, na deni hilo lidaiwe. Lakini mvua haingoji deni lilipwe. Na mdai mwenye ushahidi husikilizwa kuliko mwenye malalamiko matupu. Wangari Maathai alikuwa mwanasayansi. Mwaka 1989 alipoupinga mnara uliokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru, alijua anachokitetea, na mnara haukujengwa. Vijana wa Umoja wenye daftari la mvua la miaka mitatu, na ramani ya kila mtaro uliozibwa, wakisimama mbele ya wakuu wa kaunti, ni nani atakayewaambia kwamba hawajui wasemalo?

Msomaji kijana, usingoje mtaala ubadilike. Mvua ijayo, simama mahali pa salama uyatazame maji. Yaonayo macho yako uyaandike: yalikotokea, yalipotuama, yalichobeba. Maji hayo hayakomi Umoja. Huingia mtoni, yakafika Athi, na Athi huitwa Sabaki kabla ya kuingia baharini karibu na Malindi. Taka iliyotupwa leo mtaroni yaweza kumfikia mvuvi asiyekujua wala hujamjua. Mwalimu aanzaye somo lake mtaroni atafika baharini. Aanzaye baharini huenda asirudi nyumbani kamwe.