Diski imejaa? Usikimbilie kufuta picha za watoto

NI saa tano usiku. Mama anatengeneza kadi za sendoff kwenye kompyuta ya sebuleni, na mteja anazitaka asubuhi. Ghafla Photoshop inagoma na kumweleza kuwa diski imejaa. Kwa haraka anafungua folda ya familia na kuanza kufuta: ubatizo, siku ya kwanza shuleni, Krismasi ya mwaka juzi.

Picha hizo hazirudi kirahisi, na mara nyingi si zenye kosa.

Programu ya picha hufanya kazi kama mpishi wa shughuli. RAM ni meza yake ya jikoni. Meza ikijaa, vyombo huhamishiwa uani, yaani kwenye diski. Photoshop isipoelekezwa vinginevyo hutumia diski ileile yenye Windows. Kama ni diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka, kichwa chake cha kusomea hukimbia huku na huku kuwahudumia wote wawili, na kazi inasuasua.

Dawa ni kuipa Photoshop diski nyingine. Afungue Edit, kisha Preferences, halafu Scratch Disks, achague diski yenye kasi na nafasi, kisha aifunge programu na kuifungua upya. SSD ndiyo inayofaa zaidi kwa kuwa haina sahani. SSD ya SATA inaweza kusoma megabaiti 500 kwa sekunde, wakati diski ya sahani kwenye laptop nyingi haifikishi hata 200.

Wengi hukosea hapa: C na D zikiwa sehemu mbili za diski moja, kuhamia D kunaongeza nafasi, si kasi. Flashi nayo haifai kazi hii, ni ya polepole mno.

Kama hana diski ya pili, aifunge Photoshop kwanza, kisha atafute faili zenye jina linaloanza na Photoshop Temp. Hubaki pale programu inapozimika ghafla, kwa mfano umeme ukikatika. Hizo ndizo za kufuta. Na kama Photoshop haifunguki kabisa, ashikilie Ctrl na Alt wakati inawaka, itamwuliza atumie diski ipi.

Picha za watoto ziwe na nakala kwenye diski ya nje inayokaa kabatini. Diski ya kazi isigeuzwe ghala.

Bado kuna afya ya mwenye kazi. Kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20, macho yapumzike. Kompyuta ikienda vizuri, kadi zitaisha mapema, naye atapata usingizi kabla ya kuamka kuwaandaa watoto kwenda shule. Picha zao za ubatizo watazikuta pale pale.