Mkurugenzi wa Kusema "Bado"

Kuna wakurugenzi wa taasisi za utafiti ambao siwezi kuwavumilia tena: wale ambao kila wakipewa kipaza sauti, kompyuta ya kwantumu inakuwa imebakiza miaka mitano. Nikiwa kidato cha sita ilikuwa imebakiza mitano. Leo nafundisha fizikia chuo kikuu na bado imebakiza mitano. Huo si utabiri, ni biashara.

Tuelewane kwanza, utafiti wenyewe naupenda. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba mashine ya aina hii, ikipatikana kubwa na imara, ingeweza kuichambua namba kubwa katika vigawo vyake tasa kwa kasi ya kutisha, na ugumu wa kazi hiyo ndio uliolinda siri nyingi za benki na intaneti. Mwaka 2001 watafiti wa IBM na Stanford wakalijaribu wazo lake kwa kyubiti 7. Wakaigawa 15, wakapata 3 na 5. Mtoto wa darasa la tatu analo jibu hilo kichwani, lakini usicheke. Kyubiti ni kitu dhaifu mno. Joto kidogo au mtikisiko kidogo, hata kule kuipima tu, kunatosha kupoteza ilichokibeba. Kwa hiyo kazi kubwa ya fani hii, tangu mwanzo hadi leo, ni kupambana na makosa.

Ndiyo maana nawaheshimu watu wa Waterloo, Kanada, kwa namna walivyoanza. Chuo kikuu cha pale kilianzisha taasisi yake ya kompyuta za kwantumu mwaka 2002, na Mike Lazaridis, mwanzilishi wa kampuni iliyotengeneza BlackBerry, akaichangia mamilioni ya dola. Ukurugenzi walimpa Raymond Laflamme, aliyekaa nao hadi 2017. Alikuwa nani? Alikuwa mtu ambaye, pamoja na Emanuel Knill, alikuwa ameandika masharti ya kihesabu ya lini kosa katika kyubiti linaweza kusahihishwa na lini haliwezi. Kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wa Stephen Hawking, na ni mmoja wa watu wawili waliomfanya Hawking akubali kwamba alikosea kuhusu mwelekeo wa wakati. Hebu fikiria: mwanafunzi anamwambia Hawking, mzee, hesabu hii haiko hivyo. Mtu wa namna hiyo ukimpa ofisi kubwa, wanafunzi wake nao watapata ujasiri wa kumwambia hivyohivyo.

Ujasiri huo ukikosekana, gharama yake tumeiona Delft, Uholanzi. Mwaka 2018 kundi la pale lililofanya kazi na Microsoft lilitangaza katika jarida la Nature kwamba limepata ushahidi wa chembe za Majorana, ambazo zilitarajiwa kuzaa kyubiti imara zaidi. Shangwe ikawa kubwa. Sergey Frolov na Vincent Mourik, waliowahi kufanya kazi katika maabara hiyohiyo, wakaomba data ghafi, wakakuta sehemu zisizopatana na hadithi zimeachwa nje. Machi 2021 makala ikaondolewa, na waandishi wake wakaomba radhi. Jopo la wataalamu halikuona udanganyifu wa makusudi. Liliona watu waliojidanganya wenyewe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wakati mwingine huyanywa mwenyewe bila kujua. Mimi nawafikiria zaidi wanafunzi wa uzamivu wa nchi nyingine, waliosoma makala ile na kujenga juu yake miaka mitatu ya ujana wao. Hakuna anayewarudishia.

Sasa homa imefika kwetu. Nimeletewa rasimu ya taasisi ya kwantumu ya chuo kimoja nitoe maoni. Ina jengo, ina nembo, ina bodi. Sifa ya kwanza ya mkurugenzi ni "uwezo wa kuvutia wafadhili". Fundi wa maabara hana hata mstari mmoja katika bajeti. Nilipouliza, nikajibiwa kwa upole kwamba mkurugenzi anayesema "bado" atarudi mikono mitupu.

Si kweli. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vyake vya kwanza vya kulinda siri dhidi ya kompyuta za kwantumu, mashine ambazo hazijaweza kuvunja kufuli lolote la benki. Kazi hiyo ilichukua miaka minane ya ushindani wa wazi, watu wakipendekeza na wengine wakivunja mapendekezo hayo hadharani. Haikuhitaji jokofu la mamilioni ya dola. Ilihitaji wanahisabati, na hao tunao; wengine wanafundisha tuisheni jioni ili walipe kodi ya nyumba. Mkurugenzi mkweli angemwendea gavana wa benki kuu na kusema: mzee, mashine bado, ila kufuli zenu zinabadilishwa kuanzia sasa, na nina vijana sita wa kuifanya kazi hiyo. Nimeyaandika haya katika maoni yangu, ukurasa wa pili, pamoja na mshahara wa fundi.