Wingi wa Kura si Wingi wa Viti

Wanafunzi wetu aghalabu hufundishwa kwamba katika demokrasia walio wengi ndio washindi. Kauli hiyo ni tamu masikioni, lakini imebeba neno lenye utata: wengi. Je, ni wapiga kura wengi au ni wabunge wengi? Matokeo ya uchaguzi mkuu wa Uingereza wa Oktoba 25, 1951 yanatulazimisha kulijibu swali hilo.

Katika uchaguzi huo, chama cha Labour, chake Waziri Mkuu Clement Attlee, kilipata kura takriban milioni 13.9. Chama cha Conservative, chake Winston Churchill, pamoja na washirika wake, kilipata milioni 13.7. Hata hivyo, kati ya viti 625 vya bunge, Labour iliambulia 295, ilhali Conservative na wenzake walitwaa 321. Churchill akarejea madarakani, na chama chake kikatawala hadi 1964.

Si kwamba kura ziliibwa. Katika kila eneo la uwakilishi bungeni, aliyeongoza, hata kwa kura moja, alichukua kiti. Labour ilirundika kura nyingi mno katika ngome zake za migodini na viwandani. Kura hizo za ziada hazikuiongezea kiti hata kimoja. Isitoshe, washirika wa Conservative walipita bila kupingwa katika maeneo manne ya Ireland Kaskazini, ambako basi hapakuwa na kura za kuhesabiwa. Februari 1974 mambo yaligeuka: Conservative ikaongoza kwa kura, Labour kwa viti.

Wapo wanaoutetea utaratibu huu kwa kuwa humpa kila mwananchi mbunge anayemjua. Hoja hiyo ina uzito, nasi Wakenya tungali tunawachagua wabunge wa maeneo vivyo hivyo. Lakini tusichanganye mambo. Chama chenye viti vingi kina haki ya kuunda serikali. Hakina haki ya kudai kwamba kimetumwa na taifa zima, seuze kuwapuuza waliokikataa.

Kwa hivyo, mwalimu asitosheke kumwuliza mwanafunzi nani aliyeshinda mwaka wa 1951. Amwulize pia: alishinda kwa hesabu ipi? Raia asiyeweza kulijibu swali hilo atadanganywa kwa takwimu zilizo sahihi.